Kalamu ya Buluu

Siku ya tatu ya semina, Wete, ukumbi wa skuli.
Feni moja inazunguka, ya pili inaning'inia tu.
Karatasi ya posho tumeisaini kabla ya Bismillahi,
masheha kumi na wanane, madiwani watatu,
na sambusa zimefunikwa kawa, zinatungoja.

Haroub, bwana mipango, kaja na meli ya juzi kutoka Unguja.
Ana miwani, ana subira,
ana ramani zilizokunjwa kama mikeka ya msiba.
Manjano, anasema, ni makaazi.
Kijani, kilimo na msitu.
Nyekundu, biashara.
Buluu ni maji, na pale maji yanapopita
hata kama leo hayapo.

Akauliza: njia ya mtaani iwe na upana gani?
Diwani akajibu upesi, mita nne, jana aliandika.
Sheha wa Kojani akainua kidole:
"Sisi tunapima kwa jeneza.
Wawili mbele, wawili nyuma,
na bega la mtu lisikwaruze ukuta."
Ukumbi ukacheka,
halafu ukanyamaza.
Haroub akayaandika ubaoni, yote, na jeneza lake.

Mimi nikauliza la kwangu.
Uwanja wa mbele ya kwa Bi Chumu niupake rangi gani?
Vuli tunaanika karafuu.
Kiangazi tunaoza watoto.
Alasiri ni mpira, Ijumaa mtu wa mkaa hushusha magunia,
na mwaka wa kipindupindu palisimama hema la hospitali.
Akakuna kichwa. "Mistari, Bi Sheha.
Rangi zote, kwa mistari."
Nikachora mistari mpaka karatasi ikatoboka.

Halafu bonde.
Tuligaiwa picha iliyopigwa kutoka juu.
Nimezaliwa humo, nimezalia humo,
sijawahi kuiona shehia yangu utosi.
Nyumba kama punje zilizomwagika na hakuna aliyezizoa,
mkono wa mpunga umeingia hadi nyuma ya msikiti,
na pale shingoni mwa bonde
kitu cheupe, kidogo, kama jino la mtoto.

Msingi wa Khelef.
Mwanangu.

Barua niliiandika mimi: *sina pingamizi.*
Mhuri ni huu, umo mkobani,
ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na funguo na panadoli.
Nakumbuka ulivyolia juu ya meza: pwa.
Na pale panaitwa Mpitamaji!
Jina limesema miaka yote,
tukalisikia kama redio ya jirani.
Masika moja, mimi msichana, maji yalipita pale
na kinu, na mchi, na beberu wa watu akiwa bado na kamba.
Maji hayaombi barua kwa sheha.

Haroub akapita nyuma yangu.
"Hapa mbona peupe?"
"Kalamu imekauka," nikamwambia.
Mwongo mie. Akatoa ya kwake mfukoni,
akaifungua kifuniko, akanipa,
akaenda meza nyingine bila ya kugeuka.
Sijui alijua.

Nilipaka taratibu, nikianzia pembeni,
kama unavyomfunika shuka aliyelala,
mpaka jino likazama.

Saa kumi wakatupa vyeti, tukapigwa picha,
sambusa zilizobaki zikagombewa kwa heshima.
Nikashuka bondeni na viatu vyangu vya semina.
Khelef yuko na koleo, kifua wazi, anachekea mbali:
"Mama, wamekufundisha nini huko?"
Lori lilikuwa limeshusha mchanga asubuhi ile,
mchanga mzuri, mweupe, wa bei.

Nikakaa juu ya matofali. Cheti kikinuka wino.
"Weka koleo chini," nikasema,
"njoo tuhesabu
mchanga kiasi gani, saruji kiasi gani,
na fundi umeshamlipa ngapi.
Nusu yake nitaitoa mimi."